Figo za kuruta: tatizo liko kwenye damu au kwenye ratiba?

Kijana wa miaka 19, mzima kabisa, amepita vipimo vyote vya afya. Siku ya nne ya mafunzo ya kijeshi analazwa, figo zimegoma. Ukisikia habari ya namna hiyo, swali la kwanza kichwani pengine ni hili: alikuwa na ugonjwa gani ambao hakuusema? Ndivyo tulivyozoea. Mtu akianguka tunamchunguza yeye. Wenzake si wamekimbia umbali uleule na wako salama? Basi lazima yeye ana kasoro.

Leo nataka tuusome pamoja utafiti mmoja unaotajwa sana panapozungumzwa jambo hili. Ulichapishwa mwaka 2016 katika jarida la New England Journal of Medicine, na timu iliyoongozwa na D. Alan Nelson wa Chuo Kikuu cha Stanford. Ni utafiti mzuri, tena mkubwa. Ila naona wengi wanaondoka na namba ambayo siyo muhimu kuliko zote, na utafiti wenyewe una shimo ambalo msomaji wa haraka halioni. Kwa nchi kama zetu, ambako vijana wengi hupita kambini, kuusoma vibaya kuna gharama.

Kabla ya kuukosoa, tuelewe kwanza msuli unaiumizaje figo.

Kutoka pajani hadi kwenye figo

Msuli ukifanyishwa kazi kupita uwezo wake, unaishiwa nishati. Nishati ikiisha, zile pampu ndogo zinazotoa kalisi nje ya seli zinashindwa. Kalisi inajaa ndani, seli inaanza kujimeng'enya, ukuta wake unapasuka. Vilivyokuwa ndani vinamwagika kwenye damu: potasiamu, fosfeti, kimeng'enya kinachoitwa kreatini kinesi (CK), na mayoglobini, protini nyekundu inayohifadhi oksijeni ndani ya msuli. Hali hii kitaalamu inaitwa rabdomayolisisi.

Kidogo chake si ajabu. Baada ya mazoezi uliyoyaacha muda mrefu, CK hupanda na wala hujui. Shida inaanza kikimwagika kingi. Mayoglobini hupita kwenye chujio la figo na kuingia kwenye mirija midogo. Kama mwili umekauka na mkojo ni mzito wenye asidi, inagandamana na protini nyingine na kuiziba ile mirija. Madini ya chuma yaliyomo ndani yake huunguza seli za mirija. Wakati huohuo upungufu wa maji umeshabana mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Na ile potasiamu, ikizidi, inaweza kusimamisha moyo kabla hata figo hazijaanza kulalamika.

Uhusiano huu wa msuli na figo ulielezwa vizuri mwaka 1941 na Eric Bywaters na Desmond Beall, waliowatibu watu waliofukuliwa kwenye vifusi vya nyumba zilizolipuliwa kwa mabomu mjini London. Mtu anatolewa yu hai, miguu imepondwa lakini anaongea, kisha siku chache baadaye anakufa figo zikiwa zimefeli.

Kuruta hahitaji kuangukiwa na ukuta. Chukua kichurachura, adhabu ambayo wengi tuliosoma shule za hapa tunaijua vizuri sana. Misuli ya mapaja ni mikubwa kuliko karibu yote mwilini, na kila unapotua na kuchuchumaa inavutwa huku imekaza. Kuvutwa huku umekaza ndiko kunakouchana msuli kuliko aina nyingine za kazi. Sasa rudia mara mia mbili, saa nane mchana, kwa mtu ambaye juzi alikuwa amekaa kwenye dawati.

Shikilia hapa namba moja. Mwaka 1976 ulichapishwa utafiti uliopima damu za makuruta 337 wa jeshi la Marekani. Takriban asilimia 39 walikuwa na mayoglobini kwenye damu ndani ya siku sita za mwanzo za mafunzo. Wengi wao hawakuugua. Lakini ni karibu wanne katika kila kumi, na ni siku sita za mwanzo. Tutairudia.

Tafiti mbili, miaka 29 katikati

Hadithi ya damu inaanza na utafiti mwingine, wa 1987, katika jarida hilohilo. Watafiti waliangalia makuruta wapatao milioni mbili wa Marekani walioingia jeshini kati ya 1977 na 1981. Walikuta kwamba makuruta weusi wanaobeba kinasaba kimoja cha selimundu, yaani wale wa kundi la AS, walikuwa na uwezekano wa kufa ghafla mafunzoni mara 28 hivi zaidi ya makuruta weusi wasiokibeba.

Kumbuka, AS si mgonjwa wa sikoseli. Amerithi kinasaba kutoka kwa mzazi mmoja tu na kwa kawaida anaishi maisha yake bila tatizo. Ila oksijeni ikipungua sana, asidi ikipanda na mwili ukikauka, baadhi ya chembe zake nyekundu zinaweza kujipinda na kuziba mishipa midogo ya msuli. Isitoshe, sehemu ya ndani ya figo ina oksijeni kidogo hata siku za kawaida, kwa hiyo wengi wao figo zao zina udhaifu wa kuhifadhi maji. Wanakauka mapema.

Mara 28 inatisha. Lakini angalia namba halisi: vifo 32 hivi kwa kila makuruta 100,000 wenye AS, dhidi ya kifo 1 hivi kwa kila 100,000 kwa wenzao. Hata kwa AS, makuruta zaidi ya 9,990 katika kila 10,000 hawakufa kwa namna hiyo.

Sasa njoo 2016. Timu ya Nelson ilifuatilia rekodi za askari weusi 47,944 wa jeshi la nchi kavu la Marekani waliokuwa wamepimwa selimundu, kati ya Januari 2011 na Desemba 2014. Asilimia 7.4 walikuwa AS. Matokeo ni mawili. Kwanza, hatari ya kufa: hakuna tofauti, uwiano ni 0.99. Pili, hatari ya rabdomayolisisi ya mazoezi: kwa AS ni mara 1.54, yaani asilimia 54 zaidi.

Namba inayobaki vichwani ni hiyo asilimia 54. Ukiisikia peke yake unakimbilia jibu rahisi: tuwapime wote, AS wabaki nyumbani, tatizo limekwisha.

Haya, tupige hesabu. Katika askari hao 47,944, walioandikwa kuugua ni 391, sawa na wanane hivi kwa kila elfu moja. Kwa uwiano wa 1.54, katika askari elfu moja wa AS tungetarajia kama 12. Nyongeza ni watu wanne kwa elfu, katika miaka isiyozidi minne. Tena, kwa kuwa AS walikuwa asilimia 7.4 tu, hesabu yangu inaonyesha wagonjwa wapatao 9 kati ya kila 10 hawakuwa na kinasaba hicho. Ungewaondoa AS wote, ungewarudisha nyumbani askari zaidi ya 3,500, na wodi ingebaki karibu vilevile.

Hiyo ndiyo namba ambayo ningetamani iwe kichwa cha habari.

Kilichobadilika katikati

Kinasaba cha 2011 ni kilekile cha 1977. Sasa ile tofauti kubwa ya vifo ilikwenda wapi?

Hapa lazima tuwe waangalifu, maana tafiti hizi hazipimi kitu kimoja. Ule wa 1987 uliangalia makuruta na vifo vya ghafla. Huu wa 2016 uliangalia askari walioko kazini, wapya kwa wakongwe, na haukuhesabu vifo vya mazoezini peke yake. Mtu akikuambia "hatari imeshuka kutoka 28 hadi 1", mwambie apunguze mwendo.

Hata hivyo kuna jambo lililotokea katikati na lina uzito. Jeshi hilo liliweka tahadhari kwa askari wote bila kujali damu yao: maji, mapumziko kulingana na joto, mazoezi kupanda hatua kwa hatua, na kumpoza haraka aliyezidiwa na joto. Waandishi wenyewe wanasoma matokeo yao kwa mwanga huo, na nakubaliana nao. Ushahidi wao unaendana na wazo kwamba ratiba nzuri inaweza kuuzima moto ambao damu peke yake haiwezi kuuwasha.

Lakini hapohapo ndipo lilipo shimo nililolisema.

Mstari uliokosekana kwenye jedwali

Angalia vihatarishi vilivyopimwa. Kinasaba: mara 1.54. Kuvuta sigara: mara 1.54, sawasawa na kinasaba! Unene wa kupindukia: mara 1.39. Dawa za kushusha kolesteroli za kundi la statini: mara 2.89. Dawa za magonjwa makubwa ya akili: mara 3.02. Hizi zote ni sifa za askari mwenyewe: damu yake, kilo zake, sigara yake, vidonge vyake.

Mkufunzi yuko wapi? Siku hiyo jua lilikuwaje? Ilikuwa wiki ya ngapi? Waliruka kichurachura mara ngapi, na kwa kosa gani? Utafiti ulijengwa juu ya rekodi za hospitali na za utawala, na rekodi za namna hiyo haziandiki mambo hayo. Siwalaumu watafiti kwa kutopima kisichoandikwa. Ninachosema ni kwamba jedwali lenye safu za mtu tupu litatoa majibu ya mtu tupu. Anayelisoma bila kujua hilo ataamini kwamba hatari inaishi ndani ya mwili wa kuruta, kwa sababu ndiko pekee kulikotafutwa.

Ukitafuta kwingine unaikuta. Ripoti za kila mwaka za ufuatiliaji wa afya katika majeshi ya Marekani zilihesabu wagonjwa 545 wa rabdomayolisisi ya mazoezi mwaka 2018, kama 42 kwa kila askari 100,000. Ripoti hizo zinaonyesha mambo yaleyale mwaka baada ya mwaka: makuruta wanaongoza kwa mbali, wagonjwa wengi ni wa miezi ya joto, Mei hadi Oktoba, na wanarundikana kwenye kambi chache. Sasa jiulize, kinasaba kinajua kwamba ni mwezi wa saba?

Au chukua tukio la chuo cha polisi katika jimbo la Massachusetts, mwaka 1988. Wanafunzi 50 walianza mafunzo kwa mazoezi makali huku maji yakiwa ya shida. Kumi na watatu walilazwa, kadhaa wakasafishwa damu kwa mashine, na mmoja alifariki wiki kadhaa baadaye. Robo ya darasa hospitalini. Mtu mmoja akianguka unaweza kuuliza damu yake ina nini. Wakianguka 13, umuulize aliyepanga ratiba.

Na ile asilimia 39 ya mwaka 1976 inasema hivyohivyo. Wiki ya kwanza ni kihatarishi kinachojitegemea, na hakuna kipimo cha damu kitakachokigundua.

Kidonge cha kuvumilia

Timu hiyohiyo ilirudi mwaka 2019 na utafiti ambao binafsi naona unasaidia zaidi, ingawa hautajwi sana. Safari hii waliangalia dawa za maumivu za kundi la ibuprofeni na diklofenaki kwa askari 764,228. Kama theluthi moja walikuwa wameandikiwa dawa hizo. Waliozitumia kwa wingi walikuwa na hatari ya juu kwa asilimia 20 ya kupata madhara ya figo, ya ghafla na ya kudumu.

Sababu inaeleweka. Mwili ukikauka, figo hutumia kemikali ziitwazo prostaglandini kuacha wazi mishipa inayowaletea damu. Dawa hizi zinazima utengenezaji wa prostaglandini. Ni kama mtaa wenye mgao wa maji, halafu mtu anakuja kufunga na ile koki moja iliyobaki.

Ukosoaji wangu hapa ni mdogo: walihesabu dawa zilizoandikwa na daktari, zile za kujinunulia hazimo zote. Kwetu, ambako diklofenaki unaipata duka la dawa bila mtu kukuuliza swali, huo ungekuwa upungufu mkubwa. Lakini ona tofauti na utafiti wa kwanza. Huu umepima kitu ambacho kambi inaweza kukibadilisha wiki ijayo. Kinasaba hakuna wa kukibadilisha.

Kwa nini sisi tuhangaike na namba za Wamarekani

Kwa sababu kwao AS ni asilimia 7.4 ya askari weusi. Kwetu ni hadithi nyingine. Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kufanya utafiti wake Afrika Mashariki, alionyesha mwaka 1954 kwamba kinasaba hiki kinakinga dhidi ya malaria, ndiyo maana kimejaa panapojaa mbu. Katika baadhi ya jamii za ukanda huu wabebaji walifika asilimia 40. Kanda ya Ziwa, Tanzania, kama mtoto mmoja kati ya watano anazaliwa nacho.

Sasa fikiria JKT. Tangu mwaka 2013 wahitimu wa kidato cha sita wanakwenda tena kambini kwa mujibu wa sheria. Ni vijana waliotoka kukesha na vitabu, miili imelala, na ghafla ni mchakamchaka alfajiri. Ukileta hoja ya kuchuja kwa damu, kwenye baadhi ya mikoa utakuwa unamrudisha mmoja kati ya watano kwa ajili ya nyongeza ndogo ya hatari, na kumbandika jina litakalomfuata. Mbaya zaidi, unawaambia wanne waliobaki kwamba wao wako salama. Na wewe msomaji umeshaona wagonjwa wengi walitoka kundi lipi.

Sisemi watu wasipime. Kujua kama wewe ni AS kuna faida, hasa kabla ya kuoa au kuolewa. Ninachokataa ni kambi kuufanya ukuta wake wa ulinzi uwe kipimo cha damu.

Ulinzi unaofaa ni wa wote. Wiki mbili za mwanzo mazoezi yapande taratibu, mwili uzoee joto. Adhabu isiwe kurudia zoezi moja la msuli mmoja hadi mtu adondoke. Maji yawepo, tena kwa kipimo, maana hata kuyanywa kupita kiasi kunaua kwa kushusha chumvi ya damu. Jeshi la Marekani lilibadilisha mwongozo wake mwaka 1998 kwa sababu hiyo na kuweka ukomo wa lita 1.4 hivi kwa saa. Dawa za maumivu zitolewe na mganga wa kambi, zisigawiwe kama peremende. Na kuruta anayesema "afande, mkojo wangu umebadilika rangi" asiitwe goigoi.

Kwako unayekwenda kambini, au unayeanza jimu kwa pupa mwezi wa kwanza, dalili ni hizi: maumivu makali kuliko uchovu wa kawaida, msuli umevimba na hauna nguvu, mkojo wa rangi ya Coca-Cola au chai ya rangi iliyokolea. Mara nyingi zinakuja siku moja hadi tatu baada ya mazoezi, wakati umeshajipongeza. Usimeze diklofenaki. Nenda hospitali, useme ulifanya mazoezi gani na lini, waangalie CK, kreatinini na potasiamu. Kwa wanafunzi wa maabara: kijiti cha mkojo kikionyesha damu huku darubini haioni chembe nyekundu, fikirieni mayoglobini. Na mkojo ukiwa msafi msimruhusu mgonjwa haraka, kwa sababu mayoglobini huondoka mapema na CK inabaki juu.

Utafiti ninaousubiri utaweka kipimajoto uwanjani na daftari la mkufunzi kando ya majibu ya maabara, kisha uwafuatilie vijana hao miaka kumi, maana miaka minne haitoshi kujua figo iliyoumia ujanani inazeekaje. Unaweza kufanyika hapa kwetu. Hautahitaji mashine za kusoma vinasaba. Utahitaji ruhusa ya kuandika idadi ya kichurachura.